Je, wajua kwa nini kompyuta mbili zilizo kwenye Wi-Fi moja zinaweza kushindwa kuonana?

Bando likiisha, wengi huamini kwamba kila kazi inayopitia Wi-Fi imesimama. Sivyo. Faili linalotoka kwenye kompyuta ya mezani kwenda kwenye kompyuta mpakato iliyo chumba cha pili halitoki nje ya nyumba. Hupita kwenye ruta, yaani kifaa kinachosambaza Wi-Fi nyumbani, na kufika linakokwenda bila kugusa intaneti. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mafundi wengi huuliza, yaani kama intaneti ipo, halisaidii sana hapa, kwa sababu intaneti inaweza kuwa na kasi nzuri huku kompyuta hizo mbili zikiwa hazijuani kabisa.

Chukulia ofisi ya nyumbani iliyoko Isamilo, jijini Mwanza, ambamo mhasibu hutunza hesabu za wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Kompyuta yenye folda ya hesabu iko sebuleni, na msaidizi wake anafanyia kazi chumba cha juu. Nyumba nyingi za vilimani Mwanza zimejengwa katikati ya miamba, na kuta nene za mawe au zege hudhoofisha mawimbi ya Wi-Fi, hasa yale ya masafa ya 5 GHz. Mhasibu ananunua ruta ya pili, anaiunganisha kwa waya na ile ya kwanza, anaipa jina na neno la siri lilelile, na intaneti inapatikana kila chumba. Folda ya hesabu, hata hivyo, haionekani tena huko juu.

Kilichotokea ni kwamba ruta ya pili, waya wake unapochomekwa kwenye tundu la kupokelea intaneti, huanzisha mtandao wake yenyewe na kugawa anwani zake yenyewe, yaani namba zinazoitambulisha kila kompyuta kwenye mtandao. Jina la Wi-Fi ni moja lakini mitandao ni miwili. Kulithibitisha hilo ni rahisi: kwenye kila kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig, kisha linganisha anwani za IP. Katika mitandao ya kawaida ya nyumbani, tarakimu za makundi matatu ya mwanzo zinapaswa kufanana. Moja ikiwa na 192.168.0.15 na nyingine 192.168.1.20, hazimo katika mtandao mmoja, hata kama zimewekwa juu ya meza moja. Ikiwa anwani inaanza na 169.254, kompyuta hiyo haikupewa anwani na ruta yoyote, bali imejipa yenyewe.

Hali hii ina kituko chake, nacho huwapotosha hata watu wazoefu. Ruta ya pili hufanya kazi kama geti linalofunguka kutokea ndani tu: kompyuta iliyo nyuma yake mara nyingi huweza kuifikia ile ya sebuleni ikiitwa kwa anwani yake, lakini ile ya sebuleni ikijaribu kuifikia ya juu, hukwama getini. Ndipo utasikia mtu akisema kwamba upande mmoja unafanya kazi na upande mwingine hautaki, kisha kompyuta isiyo na kosa lolote inaanza kufutwa na kuwekewa Windows upya. Tiba ni kuibadili ruta ya pili iwe kituo cha kusambaza mawimbi tu. Ruta nyingi zina mpangilio huo. Isiyo nao huzimiwa ugawaji wa anwani, hupewa anwani isiyogongana na ya ruta ya kwanza, na waya huhamishiwa kwenye tundu la kawaida. Matokeo hayohayo ya kutoonana hupatikana pia kompyuta moja ikiwa kwenye Wi-Fi ya wageni, ambayo kwa kawaida huwatenga watumiaji makusudi, au ikiwa imeunganishwa na simu badala ya ruta.

Anwani zikifanana na bado folda haionekani, tazama Windows imeuweka mtandao huo katika kundi gani. Mtandao mpya mara nyingi huhesabiwa kuwa wa umma, kama ule wa hotelini, na hapo kompyuta hujificha na fayawoli yake, yaani programu inayolinda milango yake ya mtandao, hukataa wanaobisha. Uuweke kuwa mtandao binafsi, kisha uruhusu utambuzi wa kompyuta na ushirikishaji wa faili. Usiizime fayawoli yote, ingawa ushauri huo hutolewa kwa wepesi wa ajabu. Mnamo Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilienea katika nchi nyingi kwa kupitia udhaifu wa toleo la zamani la SMB, utaratibu uleule ambao Windows hutumia kushirikishana faili. Kifaa cha zamani kikikutaka uliwashe tena toleo hilo la kwanza, ni heri kukibadilisha kifaa.

Kutoonekana kwenye orodha, hata hivyo, si lazima kuwe kutofikika. Andika \\192.168.1.20, ukiweka anwani halisi ya kompyuta unayoitafuta, kwenye sehemu ya anwani ya dirisha la mafaili. Folda ikifunguka, tatizo ni la orodha tu na kazi inaweza kuendelea. Ukiulizwa neno la siri, jua umeshafika mlangoni, na kinachokosekana ni utambulisho. Hapa PIN ya kufungulia kompyuta haikubaliki. Linahitajika neno la siri la akaunti yenyewe, na akaunti isiyo na neno la siri kwa kawaida hukataliwa ikiingia kwa njia ya mtandao. Ukiingia ukaweza kusoma bila kuandika, kumbuka kwamba ruhusa ziko ngazi mbili, za ushirikishaji na za folda yenyewe, na ile yenye masharti makali zaidi ndiyo hufuatwa.

Baada ya umeme kukatika na kurudi, ruta inaweza kuipa kompyuta ya sebuleni anwani mpya, na njia ya mkato iliyoandikwa kwa anwani ya zamani ikawa haielekei popote. Katika mipangilio ya ruta ipo nafasi ya kuihifadhia kompyuta anwani moja ya kudumu. Ihifadhie hiyo yenye folda. Zaidi ya hapo, izuie isilale yenyewe saa za kazi, kwa kuwa kompyuta iliyolala haimjibu msaidizi aliye chumba cha juu.