Kuweka mfumo endeshi kwenye kadi ya memori maana yake nini?

Kompyuta ikiwashwa, kitu cha kwanza inachotafuta ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha skrini, kibodi na programu nyingine zote. Kwa kawaida mfumo huo hukaa kwenye diski iliyomo ndani ya mashine. Ukiuweka kwenye kadi ya memori, kadi ndiyo inayofanya kazi ya diski. Ukiichomoa, unaondoka na mfumo pamoja na mafaili yako.

Wengi hukwama mwanzoni kabisa. Mtu anapakua mfumo, labda kwa bando la usiku pale Mwanga, Kigoma, kisha analinakili faili kwenye kadi kama anavyonakili nyimbo. Mashine haiwaki. Faili lile, ambalo jina lake huishia na .iso au .img, ni nakala ya diski nzima, pamoja na sehemu ambayo mashine huisoma inapoanza kuwaka. Likinakiliwa tu, hubaki faili kama mafaili mengine. Linatakiwa kuandikwa juu ya kadi kwa programu kama Rufus, balenaEtcher au Raspberry Pi Imager. Kazi hiyo hufuta vyote vilivyokuwamo, kwa hiyo hamisha picha zako kwanza.

Ukimaliza kuandika mfumo wa Linux, Windows inaweza kukuonyesha kijisehemu kidogo tu cha kadi ya GB 32, na hata kukutaka uifomati. Usikubali! Kadi ni nzima. Sehemu iliyobaki imepangwa kwa mtindo wa Linux ambao Windows haiusomi.

Kuna jambo lingine linalochanganya. Ukiandika Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, kwenye kadi, mara nyingi unachopata ni mfumo wa kujaribia: unawaka na unafanya kazi, lakini ulichohifadhi humo hupotea ukizima. Kuusakinisha hasa ni hatua nyingine, ambapo kadi huchaguliwa kuwa ndiyo diski. Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyotoka mwaka 2012, haina shida hiyo, kwa sababu iliundwa tangu mwanzo kuwaka kwa kadi. Windows ni ngumu zaidi: kisakinishi chake cha kawaida hukataa kadi, na Microsoft iliiondoa Windows To Go, yaani njia yake ya kuwasha Windows kutoka kwenye diski ya USB, mwaka 2020. Laptopu nyingi nazo haziwaki kwa kadi iliyo kwenye tundu lake, ila huweza kuwaka ukiichomeka kwa kisomeo cha USB.

Faida yake naiona zaidi shuleni. Shule ya Kasulu au Uvinza isiyo na intaneti inaweza kuwa na Raspberry Pi moja yenye Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila intaneti, na wanafunzi wakasoma Wikipedia ya Kiswahili bila bando. Kifaa kikifa, kadi huhamishiwa kingine cha aina ileile na masomo yanaendelea.

Adui wa kadi ni umeme kukatika ghafla wakati mfumo unaandika, maana mafaili huharibika na mashine ikagoma kuwaka. Zima kwa utaratibu, tumia betri ya akiba, na weka nakala ya kadi nzima kwenye diski nyingine. Jihadhari pia na kadi feki: imeandikwa GB 64 kumbe uwezo wake ni GB 8, na kinachozidi hapo hupotea. Ipime kwa H2testw, programu ya kupima uwezo halisi wa kadi, kabla hujaweka mfumo.