Kitabu cha maktaba kikichanika usibandike seloteipu

Jamani sisi watu wa maktaba tunaomba jambo moja, kitabu ulichoazima kikichanika usikibandike seloteipu, kilete hivyo hivyo, na kipande kilichotoka kitie kwenye bahasha hata kama kina neno moja tu. Najua unafanya kwa nia njema, au unaogopa faini, ila ile gundi miaka ikipita inazama kwenye karatasi inakuwa njano mpaka kahawia, plastiki inakauka inabanduka yenyewe na doa halitoki tena. Sisi tunaziba kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ambayo siku ikibidi inatolewa kwa maji kidogo tu.

Halafu kuna maji. Masika hii chupa imevuja kwenye begi, mtu anakimbilia kuanika kitabu juani au anakipiga pasi kabisa (tumeona!), matokeo yake jalada linapinda, kurasa zinajikunja. We kisimamishe wima, kurasa ziachane kidogo, washa feni isikipulize moja kwa moja, chomeka tishu nyeupe kila baada ya kurasa kadhaa na ubadilishe zikilowa, gazeti hapana maana wino wake unahamia. Kama kimelowa chapachapa, hasa vile vya karatasi za kung'aa ambazo zikikauka zimegandana ndo basi tena, kifunge kwenye mfuko wa plastiki tia kwenye friza ndo utupigie, kwa sababu ndani ya saa 48 hivi ukungu unaweza kuanza. Mto Arno ulipofurika Florence, Italia, Novemba 1966, vitabu vililowa vingi mno, vingine ikabidi vipelekwe kukaushwa kwenye mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku, kama haya ya Tabora.

Na kwetu Pwani hata bila kumwagikiwa, hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 hivi ukungu unastawi, na masika Dar, Tanga au Zanzibar tunapita hapo kirahisi, kwa hiyo usibanze shelfu ukutani, acha nafasi hewa ipite.

Kuchomoa kitabu shelfu pia ni shida, watu wanavuta kwa kidole pale juu ya mgongo mpaka unang'oka. Sukuma ndani kidogo vya kulia na kushoto, kamata katikati, kinatoka.

Na wale wa kusoma huku wanakula chipsi, mende wanafuata mafuta halafu wanabaki kula gundi ya jalada.