Mhariri wa sauti asiyeona: yanayodhaniwa na yaliyopo

"Asiyeona wimbi la sauti atakata wapi?"

Wanaouliza hivi mara nyingi ni mafundi wa sauti wenyewe. Wamezoea kutazama vilima na mabonde kwenye skrini, kuburuta kipanya na kukata, hadi wanaamini kwamba jicho ndilo linalohariri. Lakini wimbi linaonyesha jambo moja tu, yaani nguvu ya sauti inavyopanda na kushuka kadiri muda unavyokwenda. Halikuambii neno gani limesemwa, wala kama pumzi iliyovutwa kabla ya sentensi ibaki au itoke. Fundi anayeona naye hucheza kipande kwanza, akasikiliza, ndipo akakata.

Asiyeona hufika palepale kwa njia nyingine. Katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, anaicheza rekodi. Kosa linapoanza anabonyeza kitufe cha [, linapokwisha anabonyeza ], na eneo limeshachaguliwa bila sauti kusimama. Anasogeza mipaka kidogo kidogo kwa vishale, kisha anabonyeza C. Programu inamchezea sauti iliyo kabla ya eneo lile na iliyo baada yake, ikiruka ya katikati, ili ausikie mkato kabla haujafanyika. Akiridhika, anafuta. Hata mwenye macho mazima angefaidika na C kuliko kuikuza picha mpaka ijae skrini, maana mkato mbaya hugunduliwa na sikio.

Kuna kinachopotea, tusifichane. Mbele ya rekodi ya saa mbili, anayeona hutupa jicho mara moja akajua ukimya mrefu uko wapi na wapi mtu amegonga maikrofoni. Asiyeona huweka lebo huku akisikiliza, au huiachia programu imtafutie ukimya. Hilo linakula muda zaidi. Ila kwenye viwango vya sauti hana hasara yoyote, kwa sababu viwango ni namba na namba husomeka kwa sauti. Anayetayarisha kipindi kwa kufuata mwongozo wa Ulaya wa EBU R128 analenga -23 LUFS, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Hakuna awezaye kuisoma hiyo kwenye umbo la wimbi, aone asione. Sote tunakiuliza kipimo.

"Kisoma skrini husoma chochote kilicho kwenye skrini."

Dhana hii imeharibu programu nyingi kuliko nyingine zote, kwa kuwa humfanya mtengenezaji aamini hana la kufanya.

Kisoma skrini, yaani programu kama NVDA, JAWS au VoiceOver inayomtamkia asiyeona yaliyo kwenye kompyuta, kwa kawaida hakiitazami picha. Kinaiuliza programu: kitu kilicholengwa sasa hivi kinaitwaje, ni cha aina gani, kina hali au thamani gani? Kwenye Windows maswali hayo hupitia Active Accessibility, njia ya Microsoft iliyotoka mwaka 1997, na UI Automation iliyokuja baadaye. Mac ina njia yake. Kitufe cha kawaida cha mfumo endeshi hujibu chenyewe. Sasa fikiria programu za sauti zilivyo: vifundo vya kuzungusha vinavyong'aa, mita za rangi, vitelezi vilivyochorwa vifanane na mitambo ya studio. Hivyo vyote vimechorwa kwa mkono wa mbunifu, nukta kwa nukta, na asipoandika msimbo wa kuyajibu yale maswali matatu, kwa kisoma skrini hakuna kitu pale. Si kwamba kitu kimesomwa vibaya. Hakipo.

Kwenye plagini, vile viongezo vya kuchakata sauti vinavyochomekwa ndani ya programu kubwa, hali ilikuwa mbaya zaidi. Nyingi hujengwa juu ya JUCE, mkusanyiko wa zana za waandishi wa programu za sauti, na JUCE yenyewe ilipata msaada wa visoma skrini mwaka 2021, katika toleo la 6.1. Kabla ya hapo kila kampuni ilitakiwa ijijengee njia yake, na nyingi hazikujisumbua. Hata leo, anayechora kifundo chake mwenyewe bado analazimika kukipa jina.

Wengine hujibu kwamba siku hizi kisoma skrini kinaweza kuyatambua maandishi yaliyo ndani ya picha. Kweli, NVDA hufanya hivyo. Lakini kujua kwamba mahali fulani pameandikwa neno "Threshold" hakukusaidii kukigeuza kifundo chenyewe, wala hakukuambii kimefika desibeli ngapi.

Kuna mlango wa nyuma ambao mimi naupenda. Plagini huitangazia programu mama, yaani ile iliyochomekwa ndani yake, orodha ya vigezo vyake ili viweze kubadilishwa vyenyewe muziki unapoendelea. Programu mama inaweza kuigeuza orodha hiyo kuwa dirisha la kawaida kabisa: jina, kitelezi, thamani. Katika REAPER, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, kiendelezi cha OSARA kinafanya hivyo, na ghafla plagini ambayo uso wake ni bubu inatumika kwa kibodi. Mlango huu hukwama pale mtengenezaji alipovipa vigezo majina kama "P17", au alipotoa thamani kutoka 0 hadi 1 bila kusema ni hezi, asilimia au milisekunde. Hilo ni uvivu wa kutaja tu, na marekebisho yake hayahitaji mtaalamu wa ufikivu, yaani wa kuzifanya programu zitumike na wasioona pia.

"Bora watengenezewe programu yao maalumu."

Huruma ya aina hii humtenga mtu. Mhariri asiyeona hupokea mradi kutoka kwa anayeona, akaurudisha. Akiwa na programu ya peke yake, hana wa kubadilishana naye faili, na siku mtengenezaji akichoka, kila alichojifunza kinazama naye.

OSARA imefuata njia iliyo bora. Haikuijenga REAPER upya. Inakaa juu ya REAPER ileile wanayotumia wengine na kusema kinachotokea: jina la traki uliyofika, kama imenyamazishwa, kielekezi kiko kwenye pigo la ngapi. Ukitaka, inaviangalia vilele vya sauti na kukuonya vikipita kiwango ulichoweka. Aliyeianzisha ni James Teh, ambaye pamoja na Michael Curran aliijenga NVDA, kazi ambayo Curran aliianza mwaka 2006. Wote wawili hawaoni. Mradi uliohaririwa kwa msaada wa OSARA hufunguka kwenye kompyuta ya anayeona bila tofauti yoyote.

"Tumeweka njia za mkato za kibodi, tumemaliza."

Mmefika nusu. Kubonyeza bila kujibiwa ni kutembea gizani hata kwa anayeona. Ukibonyeza kitufe cha kugawa kipande, kimegawanyika au hakuna kilichochaguliwa? Ukitendua, kilichotenduliwa ni mkato au ule mfifisho (sauti kupunguzwa polepole) uliouweka kabla yake? Sentensi fupi inatosha: "kipande kimegawanywa", "mfifisho umetenduliwa".

Halafu programu nyingine hugeukia upande wa pili na kupayuka. Wahandisi waliogundua kwamba wanaweza kutuma maneno kwa kisoma skrini hutuma kila kitu, pamoja na sekunde zinazopita wakati rekodi inacheza. Mhariri wa sauti anafanya kazi kwa sikio, na sikio hilohilo ndilo linalopokea maelezo. Kila neno la ziada linafunika alichokuja kukisikiliza. Kanuni ninayoitetea ni kusema matokeo ya alichofanya mtumiaji, kunyamaza sauti inapocheza, na kuyaacha mengine yote (muda, kiwango, nafasi) yasubiri kuulizwa kwa kitufe. Na kila tangazo liwe na mahali pa kuzimwa, kwa sababu anayejifunza na mzoefu hawahitaji maneno yaleyale.

Tena msichague vitufe kiholela. NVDA hutumia Insert au Caps Lock kama kitufe chake cha amri, na VoiceOver hutumia Control pamoja na Option. Mkivikalia, mmemnyang'anya mtu usukani.

"Maneno ya kisoma skrini yataingia kwenye rekodi."

Yataingia ikiwa maikrofoni inasikia spika, au ikiwa unarekodi sauti yote inayotoka kwenye kompyuta. Hedifoni hutatua la kwanza. La pili hutatuliwa kwa kupeleka maneno kwenye kadi moja ya sauti na rekodi kwenye nyingine, na NVDA hukuruhusu kuchagua. Tatizo halisi liko kinyume: baadhi ya viendeshi, yaani programu ndogo zinazoiendesha kadi ya sauti, huishika kadi yote peke yao, na mtumiaji mwenye kadi moja hubaki kimya kabisa katikati ya kazi. Programu iombe ruhusa kabla ya kufanya hivyo, na ombi lenyewe lisikike.

"Ikishafikika, imefikika."

Hadi sasisho lijalo. Kubadilisha zana za kujengea kiolesura kunaweza kufuta kazi ya miaka bila yeyote kukusudia, kwa kuwa kwenye skrini kila kitu huonekana kizuri kuliko awali. Vipimo vinavyoendeshwa na kompyuta yenyewe hukamata kitufe kisicho na jina. Havikamati kitufe chenye jina la kipuuzi, wala mpangilio unaomzungusha mtu vituo 40 kabla hajafika kwenye kitufe cha kurekodi.

Mhandisi anaweza kuzima skrini yake, akawasha NVDA, ambayo ni ya bure, na kujaribu kurekodi, kukata na kuhifadhi. Atagundua mapengo ya wazi. Asijipe cheo cha hakimu, kwa sababu hana kasi wala mazoea ya mtu anayeishi na kisoma skrini. Kazi kamili, kuanzia faili tupu hadi faili la mwisho, ipewe mhariri asiyeona kabla toleo halijatoka, na alipwe kama mpimaji mwingine yeyote. Kasoro zisizorekebishwa kwa wakati ziandikwe waziwazi kwenye maelezo ya toleo, ili mwenye kipindi cha kukabidhi kesho aamue kama asasishe leo au abaki na toleo alilonalo.