Mwanaume uliyebakwa jeshini, tiba usiisubirishe kisa fidia

Watu wengi wakisikia mambo ya kubakwa jeshini wanawaza wanawake tu. Idara ya Maveterani ya Marekani, hii wanayoiita VA, inayohudumia watu waliowahi kuwa wanajeshi, inasema kwa wanaume wanaoulizwa kule hospitalini mwao, kama 1 kati ya 50 anakiri alifanyiwa ukatili wa kingono akiwa jeshini, kwa wanawake ni 1 kati ya 3. Usiidharau hiyo 1 kwa 50, wanaume jeshini ndo wengi kwahiyo tunaongelea maelfu ya watu, na hao ni wale waliothubutu kufungua mdomo.

Serikali yenyewe ilichelewa kuwaona. Sheria ya 1992 ya ushauri nasaha kwa waliofanyiwa ukatili huu iliwalenga wanawake peke yao, wanaume wakaingizwa 1994. Halafu mpaka Septemba 2011 mwanajeshi akijulikana ni shoga anafukuzwa kazi, sasa umebakwa na mwanaume mwenzio, utaenda kumwambia nini mkuu wako? Wengi wakanyamaza kimya. Miaka 30 baadae mtu anaenda VA kudai fidia anatafutiwa ripoti kwenye faili wakati ripoti haikuwahi kuandikwa, na dai linakwama hapo.

Ila kanuni iko wazi tangu 2002, ripoti siyo lazima. Barua uliyomwandikia mama, maelezo ya uliyelala nae chumba kimoja, vipimo vya magonjwa ya zinaa, kuomba uhamisho ghafla, kazi kushuka, pombe ambayo hukuwa nayo kabla, vyote hivyo vinahesabika. Shida ni wanaoshika mafaili, wakaguzi wa VA wenyewe mwaka 2018 walikuta karibu nusu ya madai ya aina hii yaliyokataliwa hayakushughulikiwa inavyotakiwa, wakarudi 2021 bado makosa yaleyale. Hii inaumiza sana kwasababu kila barua ya kukataliwa, mtu anaisoma kama vile ameambiwa muongo.

Sasa hapa ndo nataka mnielewe vizuri, fidia na tiba ni milango miwili tofauti. Tiba ya majeraha haya VA ni bure, haidai ripoti, haidai dai lako liwe limekubaliwa, na hata kama huna sifa za huduma zao zingine unaweza kuipata. Kila hospitali yao kubwa ina mratibu wa kesi hizi, muulizie, na ukitaka kuhudumiwa na mwanamke au mwanaume sema, ni haki yako.

Fidia nayo usiiache ilale. Jaza taarifa ya nia ya kudai leo hata kama ushahidi haujakamilika, tarehe yako inashikiliwa mwaka mzima na dai likikubaliwa malipo yanaweza kuhesabiwa toka siku hiyo. Na nyie wake zao, kaka zao, mlioona mtu aliondoka mcheshi akarudi halali usiku, yaandikeni hayo mliyoyaona, maelezo yenu nayo yanaingia kwenye faili.