Chura wa Kihansi: kwa nini hawezi kuletwa ziwani

Tukizungumzia chura wa Kihansi hapa Mwanza, swali huwa ni lile lile: kwa nini watu wahangaike na korongo moja kule Udzungwa, ilhali Ziwa Victoria lina maji ya kumtosha chura yeyote? Si wangemleta huku?

Vyura wa huku tunawajua. Mvua za vuli zikishanyesha, kila dimbwi kandokando ya Mto Mirongo, hata shimo la kufyatulia matofali, hupiga kelele usiku kucha. Asubuhi chota maji uone: ute wenye vitone vyeusi, hayo ndiyo mayai, na baada ya siku chache viluwiluwi. Yupo pia chura wa kucha, asiye na ulimi, anayejisukumia chakula mdomoni kwa mikono. Huyo hata maji ya tope hayamsumbui.

Wa Kihansi hatagi kabisa. Mayai hukulia tumboni mwa mama, na watoto huzaliwa wakiwa vyura kamili, kila mmoja mdogo kama punje ya mchele. Mama mwenyewe hafiki sentimeta 3. Maji ya kuogelea hayamfai kitu. Anachohitaji ni manyunyu ya maporomoko, yanayolowesha mawe na majani usiku na mchana. Duniani kote, makazi yake yalikuwa kama hekta 2 tu.

Aligunduliwa mwaka 1996, mradi wa umeme ukiwa umeshaanza. Mwaka 2000 maji yalielekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Yalifungwa mabomba ya kunyunyizia, na vyura 499 wakapelekwa Marekani kuzalishwa. Kwa maoni yangu hao 499 ndio pona yake, maana mwaka 2003 idadi iliporomoka ghafla, na 2009 akatangazwa kutoweka porini. Kizazi chao kilirudi Dar es Salaam mwaka 2010, na 2012 wakaanza kuachiwa korongoni.

Vyura waliokufa mwaka 2003 walikutwa na kuvu aina ya kitridi, inayoshambulia ngozi, na chura hunywa na kupumua kwa ngozi yake. Jamii ya vyura wa kucha huweza kuibeba kuvu hiyo wasiugue. Kwa hiyo ukijaliwa kwenda Kihansi, buti ulizokanyagia madimbwi ya huku zisuguliwe tope lote, zitiwe dawa na zikauke kabisa kabla ya safari.