Je, wajua ibada ya Huruma ya Mungu iliwahi kuzuiwa na Vatican kwa miaka 19?

Picha yenyewe wengi mnaifahamu: Yesu amevaa kanzu nyeupe, mkono wa kulia umeinuliwa kubariki, kifuani inatoka miale miwili, mmoja mwekundu na mwingine mweupe, na chini pameandikwa "Yesu, nakutumainia". Ikifika saa tisa alasiri kuna Wakatoliki wanaoacha shughuli zao wakasali Rozari ya Huruma. Lakini mwaka 1959 Vatican ilikataza kusambaza picha na maandishi ya ibada hii kama yalivyotoka kwa Sista Faustina. Kwa nini?

Faustina, jina lake la ubatizo Helena Kowalska, alizaliwa Poland mwaka 1905, mtoto wa tatu kati ya kumi katika familia maskini. Hakufikisha hata miaka mitatu ya shule. Utawani alipangiwa kazi za jikoni, bustanini na kufungua mlango. Kwa maelezo yake, tarehe 22 Februari 1931, mjini Płock, Yesu alimtokea na kumwagiza picha ile ichorwe. Kuchora hakujua. Miaka mitatu baadaye, mjini Vilnius, muungamishi wake Padre Michał Sopoćko alimpata mchoraji, Eugeniusz Kazimirowski. Faustina alipoiona kazi ile alikwenda kanisani akalia, kwa kuwa haikukaribia uzuri aliouona. Miale ile ni damu na maji yaliyotoka ubavuni mwa Yesu msalabani (Yoh 19:34).

Padre Sopoćko alimwagiza pia aandike yanayomtokea. Padre akiwa safarini Nchi Takatifu, Faustina akalichoma daftari la kwanza. Aliporudi akamwamuru aandike upya, ndiyo maana shajara yake inachanganya ya zamani na mapya. Alifariki Kraków tarehe 5 Oktoba 1938, akiwa na miaka 33. Punde vita vikaja, kisha utawala wa kikomunisti, na yaliyofika Roma yakawa nakala na tafsiri zenye makosa.

Tena ujumbe wenyewe unashtua: kadiri mtu alivyo mdhambi mkubwa, ndivyo anavyostahili zaidi kuikimbilia huruma ya Mungu. Ukiusikia juujuu unaweza kudhani ni ruhusa ya kutenda dhambi. Kwangu mimi hauna jipya. Mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Yesu hakuwa na tendo jema la kuonyesha, alikiri tu kwamba anastahili adhabu akaomba akumbukwe, naye akaahidiwa paradiso siku ileile (Lk 23:43). Faustina mwenyewe aliwahimiza watu waende kuungama. Huruma anayoisema inapitia kwenye Kitubio, hairuki juu yake.

Mwaka 1965 Askofu Mkuu wa Kraków, Karol Wojtyła, alianzisha uchunguzi juu ya maisha ya Faustina, na maandishi yake yakapitiwa upya. Zuio likaondolewa tarehe 15 Aprili 1978, Vatican ikieleza kwamba nyaraka nyingi za asili hazikujulikana mwaka 1959. Wapo wanaosema Wojtyła alijiondolea zuio hilo akiwa Papa. Si kweli: aliyekuwa Papa wakati huo ni Paulo VI. Wojtyła alichaguliwa miezi sita baadaye, akawa Yohane Paulo II, na tarehe 30 Aprili 2000 akamtangaza Faustina mtakatifu. Siku hiyohiyo alitangaza kwamba Dominika ya pili ya Pasaka, yaani Jumapili inayofuata Pasaka yenyewe, itaitwa ya Huruma ya Mungu.

Kwa nini Dominika hiyo? Faustina aliandika kwamba ndiyo Yesu aliyoitaka. Ila Injili yake ilikuwapo tayari: Yesu mfufuka anawaonyesha mitume majeraha yake, kisha anawapa mamlaka ya kuondolea watu dhambi (Yoh 20:19-31). Masomo ya Misa hayakuguswa. Lililoongezwa ni jina, na mwaka 2002 ikaongezwa rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu yote ya muda iletwayo na dhambi, kwa anayeshiriki sala za Huruma ya Mungu siku hiyo, akaungama, akakomunika na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu.