Tornado za Novemba: yaliyoikuta Illinois mwaka 2013

Wengi wetu tukisikia kimbunga tunafikiria dhoruba kubwa ya baharini, kama Hidaya iliyofika pwani ya Tanzania mwezi Mei 2024, ambayo hufuatiliwa kwa siku kadhaa kabla haijatua. Tornado ni jambo jingine. Hiyo ni nguzo ya upepo unaozunguka kwa nguvu kutoka kwenye wingu la radi hadi ardhini, na anayeonywa mapema hupata dakika chache tu za kujificha.

Nchini Marekani tornado huzoeleka zaidi kati ya Aprili na Juni. Hata hivyo, Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2013, wakati majani ya miti yalikuwa yamekwisha kupukutika, makumi ya tornado zilipiga majimbo ya kati ya nchi hiyo. Hewa yenye joto na unyevu ilikuwa imesukumwa kaskazini kutoka Ghuba ya Mexico, ikakutana na hewa baridi, huku upepo wa angani juu ukivuma kwa kasi kubwa, kama kawaida yake miezi ya baridi inapokaribia. Upepo wa chini ukienda polepole na wa juu ukienda mbio, hewa ya katikati hubiringika kama kijiti kinachopekechwa kati ya viganja viwili. Hewa ya joto inapopanda, hukiinua kijiti hicho kikasimama wima. Ndiyo maana joto la wastani tu lilitosha.

Upepo huohuo wa juu huyakimbiza mawingu, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo hatari kubwa ya tornado za Novemba. Iliyoupiga mji wa Washington katika jimbo la Illinois (si mji mkuu wa Marekani), muda mfupi baada ya saa tano asubuhi, ilikata takriban kilomita 74 kwa chini ya saa moja. Upepo wake ulikadiriwa kufikia kilomita 306 kwa saa, daraja la EF4, la pili kutoka juu katika kipimo cha ukali wa tornado, na baadhi ya nyumba zilibaki sakafu tupu.

Tornado za siku hiyo ziliua watu 8. Kila kifo ni msiba, lakini idadi ingeweza kuwa kubwa zaidi: Kituo cha Utabiri wa Dhoruba cha Marekani kilikuwa kimetangaza kiwango cha juu kabisa cha hatari, na tornado ilipoingia Washington, waumini wengi waliokuwa ibadani walikuwa wamekwisha kushushwa vyumba vya chini vya makanisa.